Neno la Mkalimani

Ubao ulikuwa mdogo, wa aina wanayonunuliwa watoto wa chekechea, na juu yake kulikuwa na neno moja tu: KAKA. Chaki ilikandamizwa sana kwenye herufi ya kwanza, ikalegea kwenye ya mwisho, kana kwamba mkono ulichoka njiani.

Bi Swali aliutazama bila kuugusa. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kituoni, kuanzia mkuu hadi mfagiaji, walimwita Bi Swali, naye alishaacha kukasirika. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye meza ya watu waliopotea.

"Ameandika kwa mkono wa kushoto," alisema.

"Wa kulia haufanyi kazi," mshonaji alijibu. "Tangu kiharusi. Miezi mitatu sasa."

Mshonaji alikuwa binti wa mzee aliyepotea, mwanamke wa miaka arobaini hivi, pini sita zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake. Sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na rundo la sare za wauguzi zikisubiri vifungo. Kila Jumanne na Alhamisi alipeleka sare hospitalini. Leo ilikuwa Jumanne. Aliondoka saa mbili na nusu asubuhi, akarudi saa nne kasoro, akakuta kiti cha baba yake kitupu na ubao umeegemezwa kwenye birika, mahali ambapo asingeweza kukosa kuuona.

"Mzee anaongea?"

"Kidogo. Na ukibahatika kumwelewa. Alikuwa mkalimani mahakamani miaka thelathini na tano, afande. Lugha nane. Sasa neno linamtoka kwa lugha yoyote linayotaka lenyewe. Juzi aliniomba maji kwa Kifaransa, nikamletea chumvi, nikaona anaelekeza kidole dirishani, kwenye bomba la nje, kwa hasira." Alitaka kucheka, akashindwa. "Muuguzi aliniambia ni kawaida kwa watu wa lugha nyingi."

"Ana kaka?"

"Alizaliwa peke yake."

"Wewe je, una kaka?"

"Sina."

Jibu lilikuja kabla swali halijatua. Bi Swali aliandika *sina* kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake, akaendelea kana kwamba hakuna kitu.

Walikagua chumba cha mzee pamoja. Shati la kijivu la kila siku lilikuwa kitandani. Shati jeupe na koti havikuwepo. Fimbo haikuwepo. Kwenye rafu kulikuwa na paketi ya vidonge vya presha.

"Tuvihesabu," alisema Bi Swali.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Cha asubuhi nilimpa mwenyewe." Mshonaji alihesabu mara mbili, midomo ikicheza. "Vilitakiwa kubaki kumi na vitatu. Viko kumi na kimoja." Kona ya paketi ilikuwa imekatwa kwa mkasi, mstari umenyooka vizuri. "Baba hawezi kushika mkasi. Kwa mkono wa kushoto hawezi kabisa."

"Basi kuna mtu alimkatia."

Mshonaji alikaa kitandani ghafla, juu ya shati la kijivu.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi ambaye kiti chake kilitazama moja kwa moja mlango wa mshonaji. Alikuwa kinyozi wa kweli: alianza kujibu kabla hajaulizwa.

"Mzee? Nimemnyoa jana, mama. Na jana haikuwa siku yake! Siku yake Ijumaa. Alikuja akikokota mguu, akakaa, akaonyesha kidevu. Nikamaliza, akataka na nyusi. Nyusi! Nikamwambia, mzee wangu, unaoa? Alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni."

"Leo umemwona?"

"Ameingia kwenye gari. Gari dogo la rangi ya majivu. Yule kijana wake wa mazoezi ndiye aliyemfungulia mlango."

"Kijana gani wa mazoezi?"

Kinyozi alishusha wembe. "Si yule wa hospitali? Mrefu, ana begi la ngozi. Anakuja kila Jumanne na Alhamisi, dada akishakata kona tu. Anakaa saa nzima. Nilidhani ni wa kunyoosha viungo."

"Dada akishakata kona."

"Ndiyo. Hata siku moja hawajakutana." Alisikia maneno yake mwenyewe, na sura ikambadilika. "Mama, nimekosea? Ningepiga kelele?"

"Alimshikaje mzee wakati wa kumwingiza garini?"

Kinyozi aliweka wembe mezani ili aonyeshe vizuri. Alizunguka akasimama upande wa kulia wa mtu asiyekuwepo, akapitisha mkono wake chini ya kwapa lake, akamwinamisha polepole. "Hivi. Kama mtu anayejua mkono upi umekufa. Na mzee alikuwa anacheka."

Bi Swali alipiga simu hospitalini akiwa amesimama mlangoni pa kinyozi. Alisubiri muziki uishe, akaunganishwa, akaunganishwa tena. Jibu lilikuwa fupi: hawakuwa wamemtuma mtu yeyote nyumbani kwa mzee huyo, si Jumanne wala Alhamisi.

Ndani ya gari la kituo, Dereva alikuwa amemaliza gazeti na kuanza kulisoma upya. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja, wakagombana karibu kila siku ya kazi.

"Kwa hiyo?" aliuliza.

"Mtu asiyejulikana anamtembelea mzee binti akitoka. Leo ameondoka naye. Mzee ameacha neno: kaka."

Dereva alikunja gazeti. "Bibi yangu mimi alikuwa hasemi kaka kwa ndugu, mkuu. Alisema kaka la yai. Lile ganda linalobaki ukishalinyonya. Tupu, halina kitu ndani." Aliliweka gazeti kwenye dashibodi. "Mtu aliyekuwa na lugha nane, akabaki hana hata moja ya kuombea maji. Asije akawa anajisema mwenyewe."

Bi Swali alifungua daftari, akarudi kurasa mbili.

"Vidonge viwili," alisema. "Cha leo jioni na cha kesho asubuhi. Na nyusi zimenyolewa. Mtu aliyekata tamaa habebi dawa ya kesho."

"Hapo sawa." Dereva alipumua, akawasha gari. "Tunaenda wapi?"

"Umenipa maana ya pili ya neno nililodhani lina moja, na wewe lugha yako ni hii hii moja. Yeye ana nane. Twende kwa wenzake."

Chumba cha wakalimani kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la mahakama, mwisho wa korido, baada ya ofisi ya masijala. Meza nne, kabati la majoho, chupa kubwa ya chai. Wakalimani watatu walikuwa wanasubiri kuitwa. Waliposikia mzee haonekani, wote watatu walisimama kwa pamoja, na waliposikia neno lenyewe, wote watatu wakaongea kwa pamoja.

"Mmoja mmoja," alisema Bi Swali.

Wa Kigujarati ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, mama mwenye miwani mbili, moja puani na moja nyweleni. "Kwetu kaka ni baba mdogo. Ndugu wa baba. Mtoto akisema kaka, hamwiti ndugu yake, anamwita amu yake. Nimeshamwona hakimu akichanganyikiwa na jambo hilo siku nzima."

"Mzee ana amu aliye hai?"

"Mzee ana miaka sabini na nne, dada yangu. Amu yake angekuwa kwenye magazeti."

"Kwetu ni mwanamke," alisema wa Kibulgaria, mwanamume mpana mwenye sauti ya chini. "Kaka ni dada mkubwa. Dada yangu ana miaka sitini, na bado namwita kaka. Hapa kila nikimpigia simu watu wanafikiri naongea na mwanamume."

"Na kwetu inaliwa," alisema wa Kiswidi. Alikuwa mwembamba, na alisema hivyo kwa aibu. "Biskuti. Keki. Kitu cha kula na kahawa."

"Kisanskriti, kunguru," akaongeza mama wa Kigujarati.

"Kimaori, kasuku," akasema wa Kibulgaria. "Mkubwa, wa msituni. Usiniulize nimejuaje, ni mzee aliyeniambia."

Bi Swali aliandika yote, kila moja kwenye mstari wake. "Ni neno moja lililosafiri?"

Walitazamana, wakatabasamu, tabasamu la watu wanaokumbuka ubishi mtamu.

"Hilo alikuwa analipenda mno," alisema mama. "Alikuwa akikaa hapo, mguu juu ya mguu, anatuuliza: Mmaori na Mbulgaria walikutana wapi? Hawakukutana popote! Kunguru na kasuku, alisema, wamejitaja wenyewe, sikiliza wanavyolia. Biskuti ya huyu ina ukoo wake wa kaskazini, haituhusu. Lakini haya ya jamaa, dada, amu, alikuwa anasema ni kazi ya watoto. Mtoto hana sauti nyingi mdomoni. Anasema ka, ka, na kila aliye karibu anadhani ni yeye anayeitwa. Huku akaitika dada, kule akaitika amu."

"Na la Kiswahili?"

"Wengine wanasema lilikuja na wageni wa zamani, wengine wanakataa. Mzee alikuwa anabishana na pande zote mbili."

Bi Swali alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akatazama meza ya nne. Ilikuwa safi, kiti kimesukumwa ndani, na juu yake kulikuwa na kipande cha kioo chenye karatasi chini yake.

"Hapa anakaa nani?"

"Mwenzetu wa Kihausa. Yuko likizo ya uzazi. Amejifungua Jumamosi, mtoto wa kike, tumemchangia beseni." Mama aliinama juu ya kioo. "Hii karatasi ni mwandiko wa mzee. Kabla hajaugua, mkono bado mzima. Alikuja kututembelea kila wiki hata baada ya kustaafu, na mwaka huu alianza kujifunza Kihausa kwa huyu binti. Lugha ya tisa, na miaka sabini na kitu! Tulimcheka sana. Nikamwuliza, unajifunza ili uongee na nani? Akasema, na mtu ambaye hajazaliwa bado. Tukazidi kucheka."

Bi Swali hakucheka. Alisoma karatasi kwa kidole, kutoka juu kwenda chini, safu mbili za mwandiko mdogo ulionyooka. Mstari wa kumi na nne uliandikwa: *kaka: babu au bibi, mzazi wa mzazi, pia msimu wa mavuno.*

"Mume wa huyu binti mnamfahamu?"

"Hatujamwona. Alihamia hapa akiwa ameshaolewa," alisema wa Kiswidi. "Ni fundi wa lifti. Lakini mzee alikuwa anamwulizia hali yake kila wiki, tukashangaa."

"Anaishi wapi?"

Wa masijala alikuwa na anwani, ila alitaka barua. Bi Swali alimweleza kuhusu kiharusi na vidonge viwili, polepole, akimtazama machoni. Anwani ilitoka bila barua.

Mshonaji alifungua mlango kabla hajabishiwa. Macho yalikuwa mekundu na uzi mweupe ulikuwa umemning'inia begani. Bi Swali hakukaa.

"Kaka yako anafanya kazi gani?"

"Ana..." Mshonaji alisimama kinywa wazi. "Lifti. Anatengeneza lifti."

Alipogundua amesema nini, alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Bi Swali alisubiri. Alijua kusubiri.

"Hakuja kumzika mama," mshonaji alisema hatimaye, kutoka nyuma ya viganja. "Alifika siku mbili baadaye, na begi lake la ngozi, kama mtu anayetoka kazini. Nilimwambia asikanyage tena hapa. Nikafungia namba yake. Miaka minne. Baba hakusema neno, si kunilaumu wala kunitetea. Nilidhani amekubali."

"Anakuja hapa kila unapotoka. Jumanne na Alhamisi."

"Kumfanya nini baba?"

"Kinyozi anasema mazoezi."

Mshonaji alitoa viganja usoni. Kwa miezi mitatu muuguzi wa zahanati alikuwa akishangaa jinsi vidole vya mzee vilivyokuwa vinalegea, na yeye alikuwa anapokea sifa hizo kwa mafuta ya kuchulia aliyonunua sokoni. Alisema hivyo kwa sauti, neno kwa neno, akimwambia Bi Swali au cherehani, haikueleweka.

"Nilipoona ule ubao nilijua ni yeye," alisema. "Nikaogopa kukwambia. Nikisema ninaye, utaniuliza yuko wapi, na mimi sijui ndugu yangu anaishi wapi."

"Mimi najua," alisema Bi Swali. "Vaa viatu."

Fundi wa lifti aliishi ghorofa ya tano ya jengo lisilo na lifti. Dereva alilisema hilo kwa furaha kwenye kila ngazi, mpaka pumzi ikamkatikia ghorofa ya tatu, akaamua kubaki hapo kulinda usalama wa jengo. Mshonaji naye alianza kubaki nyuma, ngazi moja moja, akisema kiatu kinambana. Bi Swali alimwacha apumue, akapanda peke yake na kubisha.

Aliyefungua alikuwa mwanamume mrefu, taulo begani, macho ya mtu ambaye hajalala siku tatu.

"Polisi, meza ya watu waliopotea. Namtafuta mkalimani mstaafu."

"Hajapotea," mwanamume alisema kwa mshangao. "Yuko hapa. Aliacha ujumbe ubaoni."

"Aliandika kaka."

"Ndiyo. Ili dada yangu ajue yuko kwa kaka yake. Yaani kwangu. Mimi na dada yangu hatuna namna nyingine ya... namba yangu ameifungia."

Ndani, kwenye kiti kilichowekwa karibu na dirisha, mzee alikuwa amekaa na shati jeupe na koti, nyusi zimechongwa vizuri. Mto ulikuwa umewekwa chini ya mkono wake wa kulia, na juu ya mkono huo uliolala kulikuwa na mtoto wa siku tatu, naye amelala. Mkono wa kushoto ulikuwa umewazungushia wote wawili. Mke wa fundi alikuwa kwenye kochi, blanketi magotini. Alitaka kuinuka, Bi Swali akamzuia kwa ishara.

"Mzee, binti yako anakutafuta," alisema. "Uliandika kaka. Alifikiri unamsema ndugu yake."

Mzee alifikiri kidogo. Alitikisa kichwa, hapana. Aliinua mkono wa kushoto, kwa uangalifu ili asimtikise mtoto, akajigonga kifuani kwa kidole kimoja.

"Kaka," alisema.

Mke wa fundi aliweka mkono mdomoni. "Mume wangu, hakuandika yuko wapi! Alikuwa anasema amekuwa nani. Kaka kwa Kihausa ni babu. Alinitaka nimfundishe hilo siku ileile niliyomwambia nina mimba."

Fundi alimtazama baba yake, akamtazama mpelelezi, akaanza kucheka na kufuta macho kwa taulo, yote kwa wakati mmoja.

"Kwa hiyo mlilisoma neno kwa lugha mbili, na zote zimetuleta nyumba hii hii," alisema Bi Swali, akifunga daftari.

Hapo ndipo mshonaji, aliyeyasikia hayo yote akiwa ngazini, alipotokea mlangoni, ameshika viatu mkononi.

Alimwona baba yake. Alimwona mwanamke kwenye kochi, na mtoto. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Ulichelewa siku mbili."

"Nilichelewa siku mbili."

"Sikukuuliza kwa nini."

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

"Mafuriko yalikata barabara. Siku ya kwanza tulikaa ndani ya basi, tukisubiri maji yapungue. Siku ya pili nilishuka, nikatembea mpaka mji wa pili. Nilipofika mlangoni kwako nilikuwa na matope mpaka hapa." Alijigusa kiunoni. "Ulikuwa umefura kwa kilio, hukuyaona. Nami nilikuwa na hasira na mafuriko, nikakujibu wewe."

Mshonaji alikaa sakafuni palepale mlangoni. Kaka yake alikwenda, akachuchumaa mbele yake, akamtoa viatu mkononi kana kwamba ndivyo vilivyokuwa tatizo. Aliviweka ukutani, kimoja kando ya kingine. Alipogeuka, dada yake alikuwa ameshamshika kola ya shati na kuificha sura yake humo.

"Karibu ndani, wifi," alisema mke wa fundi kwa upole. "Ngazi zetu zina adabu mbaya."

Mshonaji aliinuka, akajipangusa, akasogea mpaka kwenye kiti cha baba yake. Alimwinamia mtoto bila kumgusa. Alimtazama muda mrefu, pua kwa pua.

"Na mimi ataniita nani?" aliuliza. "Kama baba ndiye kaka, mimi je?"

"Dada wa baba kwetu ni gwaggo," alisema wifi yake.

"Gwago."

Kidole cha kushoto cha mzee kilipanda hewani. Kwa miaka thelathini na tano hakuna shahidi, wakili wala hakimu aliyelipotosha neno mbele yake akaachwa hivihivi. Alitikisa kichwa. Alikusanya midomo, akafunga macho, mshipa wa shingo ukamsimama, na chumba kizima kikasubiri.

"Gwag," alisema. Akapumua. "Go."

Ilikuwa safi kabisa, kila herufi mahali pake.

"Gwaggo," mshonaji alirudia, machozi yakimdondokea kwenye mkono wa koti la baba yake.

Mzee alitikisa kichwa tena: bado. Akamwonyesha kidole, arudie.